Kupagona

Kwetu mtoto hana jina mpaka abatizwe. Anaweza kumaliza mwaka mzima akiitwa "beba" tu, na watu wakamzoea hivyohivyo, hadi siku padri atakapomtumbukiza majini na jina litamkwe. Hapo katikati ndipo ugomvi unapokaa. Naujua vizuri kwa sababu ndio unaonilisha: nina duka la vitu vya ubatizo hapa Almyros, nauza mishumaa, vigauni, riboni, na lozi za sukari tunazozifunga kwenye vitambaa. Mume akija kuagiza riboni yenye jina huku mkewe akitazama dirishani, najua kuna bibi mmoja mahali fulani amenuna.

Desturi yenyewe ni nyepesi. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini bibi anayerukwa huona kama amezikwa akiwa hai. Mama yangu, Pagona, alirukwa.

Jina Pagona linatokana na neno letu la tausi, na mama hajawahi kuwa na manyoya ya kujivunia, ila kuonekana alionekana tu, apende asipende. Alikuwa mtu wa kuanza. Alianza kufuma zulia likakomea upana wa taulo. Akafuga sungura, akaanza kujifunza akodiani, akapaka rangi ukuta mmoja wa sebule, na ukuta huo hadi leo hauna mwenzake. Ukimsimulia jambo alikumalizia sentensi, na mara nyingi aliimalizia vibaya. Pai zake za mboga zilikuwa tamu ajabu upande mmoja. Upande wa pili zilikuwa mkaa. Marehemu baba, aliyempenda, ndiye aliyetunga neno. "Leo mama yenu amepagona," alikuwa akisema akikuta pasi imelala juu ya shati na mama yuko kwa jirani anamsaidia kuhamisha kabati. Neno likatunogea. Kupagona: kuanza kitu na kukiacha, kutoka kwenda kununua chumvi ukarudi na paka. Tulilitumia sisi watoto, majirani wakalichukua, na mama mwenyewe alilicheka kila lilipotamkwa. Nilikuwa mtu mzima nilipoanza kujiuliza kwa nini alikuwa anawahi kucheka kabla ya wengine.

Aliyekuwa na jina hilo kabla yake ni bibi yake, na yule naye, wanasema, alipanda juu ya paa kurekebisha kigae siku ya harusi yake mwenyewe, akiwa na gauni. Katikati yao yuko babu yangu, mtu wa kukaa kizingitini na kuvuta sigara kimya. Basi watu wakapiga hesabu zao: kitu hiki kinaruka kizazi, kama linavyoruka jina. Kwa hiyo kiko ndani ya jina. Usicheke, msomaji. Wako watu wenye shahada hapa mjini wanaoamini hivyo na hawaoni haya.

Chrysoula, mke wa kaka yangu Sotiris, aliamini. Ni mwanamke mpole, wa sauti ya chini, nyumba yake imepangwa mpaka vijiko vinaogopa kuhama. Alipozaa binti wa kwanza akamwita Galini, jina la bahari ikiwa shwari, bila upepo. Alilichagua jinsi mtu anavyochagua dawa. Mama hakusema neno siku ile, aliiweka sahani yake ya lozi mezani akarudi nyumbani kwa miguu. Mimi nilisema kwa niaba yake, tena mengi, na wifi yangu na mimi hatukusalimiana kwa kipindi kirefu.

Galini sasa ana miaka tisa, na tangu alipojifunza kutembea hajatembea, anakimbia. Huingia dukani kwangu akiwa na kiatu kimoja. "Shangazi, hivi samaki wana magoti?" atauliza, na kabla sijafungua mdomo yuko nyuma ya kaunta anamimina lozi za rangi ya waridi kwenye chombo cha nyeupe ili aone zikichanganyika. Shuleni anajibu swali ambalo mwalimu hajamaliza kuliuliza, kisha anasahau mkoba, koti, na mara moja alimsahau hata mwenzake aliyekuwa anamsubiri chooni amletee karatasi. Watoto wamechoka naye. Msimu huu wa baridi hakualikwa kwenye sherehe yoyote ya kuzaliwa, na jambo hilo alilijua. Alikaa kwenye ngazi ya duka langu akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi nikipagona watu hawacheki tena." Niliumia mpaka nikafunga duka mapema.

Wakati huohuo Chrysoula akazaa mwingine, msichana tena. Mama yake mzazi, ambaye kwa desturi ndiye mwenye zamu ya msichana wa pili, alikwishapata majina yake kwa watoto wa mabinti zake wengine, hakudai kitu. Njia ilikuwa wazi: beba huyu angeweza kuitwa Pagona na kidonda kikafungwa. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa mama wa ubatizo, yaani jina lingepitia mdomoni mwangu. Nikamuuliza wifi yangu niandike nini kwenye riboni.

"Acha kwanza, wifi," akasema. "Twende kwa daktari wa Galini, halafu tutajua."

"Daktari ndiye atakayempa mtoto jina?"

"Nimesema acha kwanza."

Mama alijua, bila shaka. Kila alipopita dukani alizigusa riboni tupu kwa kidole, akaondoka akisema habari ya bei ya nyanya.

Daktari alikuwa mji wa Volos, bingwa wa watoto, anaitwa Theano Rizou, mwanamke mnene mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Sotiris alikuwa zamu kiwandani, kwa hiyo niliendesha mimi. Chrysoula ana leseni lakini haendeshi. Siku zote husema hapendi tu. Galini walikwishamwona mara kadhaa na kumpima kwa michezo na maswali, na mwalimu alikwishahojiwa kwa simu. Siku hiyo tuliitiwa majibu. Tulipokuwa tukiketi, mtoto alishaifungua kalamu ya daktari na springi yake imeruka chini ya kabati.

"Iache huko," daktari akamwambia. "Nenda kwa msaidizi wangu chumba cha pili, ana samaki kwenye tangi. Mwulize habari za magoti, umeniuliza mimi sina jibu."

Galini akatoka mbio. Daktari akatuambia bila kuzungusha kwamba mtoto hana ukaidi wala hakulelewa vibaya. Ana tatizo la umakini na utulivu. Akili anayo, tena nyingi, ila breki zake zinachelewa kushika. Zipo namna za kumsaidia shuleni na nyumbani, na dawa ipo, tutaizungumza taratibu. Kisha akauliza, "Katika ukoo, yupo mwingine wa namna hii?"

Wifi yangu alijibu kama mtu aliyekuwa amelishika jibu mkononi tangu nyumbani. "Mama mkwe wangu. Pagona. Na bibi yake, Pagona vilevile."

Nilitaka kumfinya. Nikajizuia kwa sababu lilikuwa kweli.

"Inawezekana," daktari akasema. "Jambo hili linarithiwa sana, karibu kama urefu wa mwili. Na kwa upande wako?"

"Kwetu watu wametulia."

"Sikuulizi kutulia. Nauliza habari yako. Ulipokuwa na umri wake, darasani ulikuwa unafanya nini?"

Chrysoula alitazama mikono yake. "Nilikuwa nakaa."

"Umekaa unafanya nini?"

"Nimekaa tu. Naangalia dirishani. Mwalimu alisema sina shida yoyote."

"Hakuna aliyekugombeza kwa kuwa hukumsumbua mtu," daktari akasema. "Na sasa?"

Galini alikuwa akicheka chumba cha pili. Wifi yangu akasema, polepole, kwamba vijiko vyake viko mahali pamoja kwa sababu vikihama yeye havioni tena. Kwamba jikoni ameweka kengele ya kila chungu. Kwamba aliacha kuendesha gari siku alipojikuta ameshapita mji wa Velestino na hakumbuki barabara, na Galini mchanga yuko kiti cha nyuma. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Sotiris.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake na sikuwa na pa kuweka macho. Miaka yote ile nilimwona mwanamke mwenye majivuno ya usafi, kumbe ni mtu anayeshikilia ukuta usimwangukie.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Siyo yule mama. Ni mimi."

"Ngoja," daktari akasema. "Msilitafute hili kama mwizi. Hakuna jeni moja la kutokuwa na utulivu. Kama lingekuwepo tungelipima kwenye damu na kazi yangu ingekuwa rahisi. Ni vinasaba vingi mno, tofauti ndogondogo kwa mamia, labda maelfu, na kila moja peke yake haifanyi chochote cha maana. Wewe unazo, wifi yako anazo, mimi ninazo. Umewahi kupika nyumba ikiwa imejaa wageni? Kila anayepita jikoni anatia chumvi kidogo. Supu ikizidi chumvi, utaishika punje ipi useme wewe ndiye uliyeharibu?"

Akaongeza kuwa mengine yasiyo ya kurithi nayo huchangia, kama kuzaliwa kabla ya siku zake, na kwamba mambo hayo hata yeye hawezi kuyapimia kila mtoto.

"Na huyu mdogo?" Chrysoula akauliza. "Naye atakuwa hivyo?"

"Ana nafasi kubwa kuliko mtoto wa jirani. Zaidi ya hapo sijui, na anayekwambia anajua anakudanganya."

Njiani kurudi Galini alisema kwa ajili yetu sote. Samaki, kumbe, hawana magoti.

Mama alikuwa anatusubiri nyumbani kwa Chrysoula, akiwa na beba mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Alikuwa ameoka pai, na harufu ilituambia upande upi. Alitusukumia viti, akamimina kahawa, akaanza kuosha kikombe ambacho bado nilikuwa nakinywea.

"Semeni basi. Daktari kasemaje?"

Nilimweleza kwa kifupi. Nilipofika kwenye kurithi nikajaribu kupita haraka, lakini mama, ambaye maisha yake yote hajasikiliza sentensi mpaka mwisho, ile aliisikiliza. Akaketi. Sisi tunamjua mama akiwa wima. Kumwona ameketi katikati ya mchana kulinitisha kuliko kama angelia.

"Basi watu walikuwa na haki," akasema. "Lilitoka kwangu."

"Mama, hakusema hivyo."

"Asimina, mimi si mtoto. Unadhani nacheka kwa sababu inanichekesha? Nimechekwa tangu nikiwa na soksi za shule. Mwalimu alinifunga kwenye kiti kwa mkanda wa aproni. Baba yenu, Mungu amrehemu, alinitungia neno, nikacheka nalo, kwa sababu ukicheka wewe wa kwanza haliumi sana. Nilijiambia ni uvivu wangu, kesho nitajirekebisha. Nimejiambia hivyo miaka sabini." Akamtazama beba, aliyekuwa anaitafuna kona ya shali lake. "Nililitaka jina langu kwa huyu, nisiseme uongo. Nililitaka mpaka nikaona aibu. Lakini sasa msimpe. Liishie kwangu. Mwacheni mtoto aanze safi."

Nikapandwa na hasira, sijui juu ya nani hasa. Juu ya baba aliyekufa, juu ya mwalimu aliyekufa, juu yangu mwenyewe na kicheko changu cha utotoni. Nilikuwa nimeshafungua kinywa, lakini Chrysoula alinitangulia. Alikuwa amesimama kwenye sinki ametupa mgongo.

"Mama, mimi pia napagona," akasema.

"Wewe?" mama akasema. "Wewe ambaye ukipiga chafya unaipanga?"

"Napagona kimyakimya. Kwa ndani. Niko hapa naosha sahani na mimi sipo. Daktari ameniona mara moja tu akajua." Akageuka, na uso wake ulikuwa umelowa. "Nilikuchukia kwa sababu wewe unafanya mbele za watu kile ninachokificha mimi. Galini amechota kwetu sote wawili. Labda na kwa baba yangu, na kwa nani sijui. Daktari anasema ni kama chumvi."

Nilingoja mama apate ushindi wake. Alikuwa nao mkononi, angeweza kuutumia mpaka Krismasi. Badala yake akainuka, akanipa beba bila kunitazama, akamwendea mkwewe na kumfuta uso kwa kitambaa cha sahani.

"Maskini mwanangu," akasema. "Mimi angalau nilikuwa napumua nje. Wewe umeweza vipi, siku zote hizo, peke yako?"

Chrysoula alilia pale kama mtoto, na mama akamshika, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekumbuka jiko, kengele ikalia mpaka Galini akaja kuizima. Lakini tulipotulia, mama alirudia. "Hata hivyo, jina hapana. Neno hilo lipo mjini kote. Atalisikia shuleni. Mpe jina zuri, Anastasia, lolote."

Hakuna aliyembishia. Niliporudi dukani nilikata riboni na kuziacha tupu, kwa sababu Anastasia halikutaka kutoka kalamuni mwangu, na lile jingine nilikuwa nimekatazwa.

Jumapili ya ubatizo ilikuwa Juni, joto tayari, milango ya kanisa imefunguliwa kote kuwili. Chrysoula alinikuta mlangoni nimembeba beba, akaniweka sawa kola ambayo haikuwa na kasoro.

"Useme la mama," akanong'ona.

"Amekataa, wifi. Ulikuwepo."

"Nimemsikia. Mtoto ni wangu. Na likija kuwa tusi shuleni, nitamwambia mwenyewe ni nini na limetoka wapi, asilibebe bila kujua kama tulivyobeba sisi."

"Na Sotiris?"

"Sotiris amelia tangu asubuhi, usimtazame utaharibu wanja wako."

Tukaingia. Padri Lambros anasali bila haraka, na mimi nilijibu yanayopasa kujibiwa, nikamkana shetani kwa niaba ya mtoto, nikapakwa mafuta mpaka kwenye kiwiko. Mama alikuwa amesimama mbele nikimwona, halafu nikatazama tena, hayupo. Nilimpata kupitia mlango wa pembeni: yuko uani, ameinama na gauni lake zuri, anang'oa magugu kwenye vyungu vya maua vya padri. Jambo alilolingoja miaka tisa lilikuwa linafika, na yeye ameshindwa kulingojea dakika za mwisho. Sikuweza kumwita, mikono yangu ilikuwa imejaa mtoto.

Padri akanigeukia. "Jina?"

"Pagona," nikasema.

Watu wakageuza shingo. Shangazi mmoja nyuma alicheka, akakatiza mwenyewe. Padri hakupepesa, alimwinua mtoto, akamzamisha, akalitamka jina juu ya maji, mara ya pili, mara ya tatu, na beba akalia kwa sauti iliyotutoa mashaka yote kuhusu mapafu yake.

Zamani kwetu mama wa mtoto hakuwa akienda kanisani. Watoto wa mtaa walingoja jina litajwe, kisha wakashindana kukimbia hadi nyumbani kumpelekea, na wa kwanza alipewa zawadi. Siku hizi mama anasimama palepale, amesikia sawa na wengine, hakuna wa kukimbiliwa. Lakini Galini alikimbia. Hakuna aliyemtuma. Alipita katikati ya viti, akaangusha mshumaa wa mtu, akatokea mlango wa pembeni, na kanisa zima likasikia sauti yake ikitoka uani.

"Bibi, anaitwa Pagona. Kama wewe. Na mama anapagona, kaniambia, na mimi napagona, basi tuko wengi."

Padri alisita, taulo mkononi. Kisha mama akaingia, viganja vimejaa udongo, akapita katikati ya kanisa wakati wa sala, jambo ambalo halifanywi, mpaka kwenye birika la maji. Alimtazama mtoto. Akamtazama padri.

"Umeshalitamka?"

"Nimeshalitamka, Bi Pagona."

"Haliwezi kurudi?"

"Haliwezi. Limeshaingia majini."

Nikadhani atacheka, kama kawaida yake, kabla ya wengine. Hakucheka. Alisimama tu pale akiwa na udongo wake mikononi na kuacha machozi yashuke mbele ya mji mzima bila kuyafuta. Mtu akamsogezea kiti.

"Siwezi kukaa," akasema kwa sauti ndogo, akimtazama Chrysoula kana kwamba anaomba radhi. "Najaribu, lakini siwezi."

Chrysoula alikisukuma kiti pembeni, akamshika mkono wenye udongo.

"Usikae, mama," akasema. "Nasimama na wewe."